Mtafsiri Aliyeomba Ruhusa

Mtafsiri hakai. Mpe kiti, atakishika mgongo, atakitikisa kuona kama kimekaza, halafu atasimama pembeni yake kama kinyozi. Miaka yote niliyomjua hapa Guangzhou sijamwona ameketi akatulia, isipokuwa mbele ya chakula, na hata hapo goti moja linacheza. Ofisi yangu iko kwenye jengo la Tianxiu, ghorofa za juu, chumba cha kubanana ambacho nusu yake ni sampuli za mapazia, lakini yeye amejipatia njia ya kutembea humo humo: dirishani, mlangoni, dirishani.

"Mzee, utanimalizia zulia," namwambia.

"Mama Pazia, mimi nafikiri kwa miguu. Nikikaa nalala."

Jina lake liko kwenye pasipoti na libaki huko huko. Hapa mtaani Xiaobei kila mtu anamwita Mtafsiri, awe Mtanzania, Mkenya, Mkongo, hata wale Wachina wanaouza soksi pale chini. Kwao ni wapi na babu yake nani, waulizeni wenye hamu ya koo za watu. Mimi nataka kumsema alivyo, maana ananichosha, ananiudhi, ananichekesha, na kuna jambo lake moja limenikaa rohoni mpaka nilitoe.

Jambo lenyewe ni binti yake. Yuko Dar, mwigizaji, mtu mzima na akili zake, na kwa miaka hakuwa akizungumza na baba yake. Si salamu, si Idi, si msiba. Mtafsiri alitaka kitu kimoja tu duniani, binti yake amsemeshe. Nitazungukazunguka, ndivyo nilivyo, nitaingia sokoni na kwenye sheria, lakini mjue kila kitu kinarudi hapo.

Tuanze na kazi iliyompa jina. Mliokulia uswahilini mnaijua. Kibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kreti za soda, na jasho la watu. Inawekwa picha ya Kichina, watu wanaruka mapaa, na pembeni amesimama mtu na maiki anawapa Wachina Kiswahili. Mtu huyo alikuwa yeye. Stelingi ni yeye, adui ni yeye, mtoto anayelia ni yeye, na bibi kizee wa Kichina ni yeye tena, kwa lafudhi ya Tanga kabisa. Baadaye akaanza kurekodi sauti yake juu ya picha, zikatoka kwenye sidii, zikaenda Mbeya, Mwanza, mpaka Lubumbashi. Mimi mwenyewe nilizinunua. Marehemu mume wangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Sasa sikilizeni. Mtu huyu hakujua neno moja la Kichina. Hata moja! Alikuwa anatazama nyuso na mikono, anatunga. Akimwona mtu amenuna, basi amedhulumiwa shamba. Akimwona mwanamke analia, basi mumewe ameoa mke wa pili. Ikawa nchi nzima inajua habari za Uchina kutoka kwa mtu asiyejua Kichina. Na siku alipotua hapa kwa mara ya kwanza, ananiambia, alisimama uwanja wa ndege akasikiliza watu wanaongea, akapigwa na butwaa.

"Nilidhani nitaelewa japo kidogo," alisema. "Miaka yote ile nimewasemea. Nikajiona nimewazoea."

Nilicheka siku nzima. Kila nikimtazama, nacheka upya.

Basi alijifunza, tena alijifunza kweli, kwa kuuza maji, kwa kubeba mizigo, kwa kushinda na vizee wanaocheza karata bustanini. Leo ni mkalimani wa wafanyabiashara, na hapo ndipo maudhi yanapoanza, maana mtu aliyekuwa akitunga kila kitu sasa hatungi chochote. Wakalimani wengine wanalainisha. Mchina akikutusi, wao wanakwambia amesema karibu tena. Mtafsiri, thubutu! Nakumbuka siku moja Liuhua, kwenye majengo ya viatu karibu na stesheni ya treni, nina mteja wa Tandika anataka ndala za kike. Laoban, yaani mwenye duka, alikuwa mama mnene ana kikokotoo kifuani.

"Mwambie bei yake imenitoa machozi," nikamwambia Mtafsiri. "Lakini kwa upole."

Akasema. Yule mama akajibu maneno marefu huku anabonyeza kikokotoo chake.

"Anasemaje?"

"Anasema machozi yako hayamhusu. Safari iliyopita ulilia hivi hivi ukaenda kununua kwa jirani. Na anasema udi uliojifukiza unamuumiza kichwa."

"Hilo la udi lilikuwa la lazima?"

"Limesemwa," akanijibu, macho kwenye ndala.

Nilimfokea njia nzima. Akanisikiliza akiwa hatua mbele yangu, maana hata kutembea na mtu sambamba hawezi, halafu akageuka. "Mama Pazia, uongo wangu katika lugha hii niliumaliza Dar. Sasa hivi nikitoa hata kidogo nakopa."

Siku hiyo hiyo tulipanda ghorofa ya juu, kwenye duka ambalo mbele linauza viatu visivyo na jina, na ukiuliza vyenye jina wanakwambia kwa sauti kubwa "meiyou", hakuna, huku jicho linakuonyesha pazia la nyuma. Nilitaka kuona tu. Kuona si kununua, jamani. Mtafsiri akatoka nje, akasimama koridoni.

"Hapo mimi bubu," akasema.

"Wewe! Wewe uliyeuza picha za watu kwa magunia leo ndiye wa kunifungia mdomo?"

"Ndiyo maana."

Nilimnunia. Lakini haukupita muda mrefu, kontena tulilochangia wengi likazuiwa Nansha, bandarini, kwa sababu ya mikanda feki ya mwenzetu mmoja aliyeificha katikati ya ndoo. Ndoo za huyu, mikanda ya yule, mapazia yangu mimi, vyote vikalala humo mpaka Idi ikapita. Nililia kwa kweli safari ile. Mtafsiri akaja, akatembea dirishani, mlangoni, hakusema "si nilikwambia". Alisema lile neno lake la kibandani analolisema kwa kila mtu aliyefilisika, aliyefiwa au aliyenyimwa viza: "Stelingi hafi." Nikamrushia kipande cha pazia.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtakatifu aliyetubu. Ana mambo! Huko zamani, sidii zake zilikuwa zinaanza na onyo. Kabla Mchina hajarusha hata teke, inatoka sauti yake, nzito, ya hutuba: "Ni marufuku kurudufu kazi hii. Hili ni jasho la mtu. Ukirudufu, Mungu anakuona." Picha yenyewe kaiiba, hana ruhusa, hajui hata nani katengeneza! Na akisikia kuna mtu Manzese anazirudufu anapandwa na hasira. Alikwenda mara moja na panga, wakamnyang'anya, wakampa soda. Mpaka leo akilikumbuka jambo lile mishipa inamtoka.

"Sauti ilikuwa yangu!" anapiga kelele.

"Na picha?"

Anakwenda dirishani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kisha sheria ikakazwa. Dar zikaja stempu za kubandika kwenye kila sidii, ikaja misako Kariakoo, magari yanazoa sidii kama takataka, na asiye na ruhusa ya mwenye kazi akikamatwa imekula kwake. Maiki yake ilichukuliwa, kompyuta ikachukuliwa, na kibanda kikageuka duka la mkaa. Ndipo akaja huku. Na huku nako vivyo hivyo, wale waliokuwa wakitandika sidii chini ya daraja la waenda kwa miguu waliyeyuka mmoja mmoja.

Kila akija ofisini tunagombana juu ya sheria hiyo. Mimi nasema ilikuwa haki, msanii naye ana watoto. Yeye anatembea.

"Sikatai. Lakini niambie, siku waliponifunga mdomo, wale watu wangu wa mabenchini walikwenda kununua zenye stempu?"

Hawakwenda. Hilo nililiona kwa macho yangu. Kuna wenye filamu waliosema sasa soko ni letu, wakatoa nakala halali tele, zikakaa madukani mpaka makasha yakapauka kwa jua. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Watu walihamia kwenye simu: kijana ana kompyuta na mwavuli, unampa flashi anakujazia muvi na nyimbo, na hiyo stempu utaibandika wapi, kwenye hewa? Wanamuziki angalau walipata pa kushika, shoo na miito ya simu. Watu wa filamu walibaki wameshika stempu.

"Na bila sheria?" namuuliza. "Wangebaki na nini?"

Anafika dirishani, anageuka. "Hata hapo wasingebaki na kitu. Hiyo ndiyo inayoninyima raha. Ningeipata sheria ya kuichukia moja kwa moja ningepumzika."

Najua anayemfikiria akisema hivyo. Binti yake alikulia kibandani, miguuni pake, na sanaa aliipata hapo. Akawa mwigizaji, halafu akatengeneza filamu yake mwenyewe, ya kwanza, kwa vya kuazima na vya kuomba: kamera ya huyu, nyumba ya shangazi, pilau wamepika wenyewe. Ilipotoka, akaenda Kariakoo kusimama kwenye meza ya muuzaji aone watu wanavyoinunua. Ni haki yake, nani asingetaka? Akaja mama mmoja, mkono mmoja ameshika sidii ya binti, mkono wa pili ya picha ya Kichina. Akazigeuza, akazitazama, akaiweka ya binti mezani.

"Nipe hii," akasema. "Ina yule mzee anayechekesha."

Binti amesimama pale pale. Na hazikwisha wiki nyingi, filamu yake ikatokea kwenye zile sidii za muvi kibao kwa pamoja, imebanwa katikati ya picha za baba yake. Aliyeibana si baba, ni wezi wengine wa Manzese, lakini ukiiweka hiyo sidii unaisikia sauti ya mzee kabla na sauti ya mzee baada.

Alikwenda kumlalamikia, na hapo Mtafsiri akafanya kosa ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kulifanya. Badala ya kusema pole, alisema, "Hata mimi wananiibia, mwanangu."

Ananisimulia hayo akitazama nje ya dirisha langu, na sauti anaishusha kama ya binti. Hayo ndiyo maneno pekee ambayo bado anayaigiza.

"Wewe hujui kuibiwa, baba. Mwizi akiibiwa ni zamu yake tu. Siku ukitoa kitu chako cha haki, wakakichukua, nipigie tuongee."

Akaondoka, na ikawa ndiyo hivyo.

Picha iliyompa Mtafsiri umaarufu kuliko zote ilikuwa ya msichana muuza tambi. Kuna mzee mwenye kidole kimoja kilichokatika anamfuata msichana huyo kila mji anaokwenda. Mtafsiri alimfanya adui, mchawi, mla watoto. Mwishoni stelingi anamkata yule mzee, msichana anapiga magoti pembeni yake, na kibanda kizima kinamsubiri msichana aseme yale maneno, kwa sauti nyembamba ya Mtafsiri: "Kufa, mbwa wewe!" Watu walikuwa wanasimama juu ya mabenchi. Mimi niliitazama na mume wangu mara sijui ngapi.

Akiwa ameshakijua Kichina, Mtafsiri aliikuta picha hiyo kwenye televisheni ya kinyozi mmoja hapa Xiaobei, akaisikiliza kwa mara ya kwanza. Alikuja ofisini nusu kichwa kimenyolewa. Nusu! Nikadhani kuna msako wa viza.

"Yule mzee ni baba yake," akasema.

"Baba wa nani?"

"Wa msichana. Hakuwa adui. Alikuwa anamlinda. Tumeshangilia baba wa watu akiuawa, Mama Pazia, miaka yote ile." Dirishani, mlangoni. "Na pale mwisho hasemi 'kufa'. Anasema 'Baba, umekula?' Alikuwa akimuuliza hivyo alipokuwa mdogo, baba akirudi kazini."

Ndipo wazo likamwingia, na likimwingia wazo mtu huyo ni balaa. Alitaka kuirudia picha ile, kwa maneno yake ya kweli, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa karatasi na muhuri. Na sauti ya msichana asiifanye yeye. Aifanye binti yake.

Kumtafuta mwenye picha kulimla muda wote wa kiangazi. Kumbe kampuni yenyewe iko hapa hapa mjini, imebaki chumba kimoja juu ya duka la dawa za mitishamba, na mwenyewe ni mama wa makamo, mtoto wa aliyeianzisha. Mtafsiri akang'ang'ania niende naye. "Nataka anione mtu wa kwetu," alisema. Basi tukaenda, mimi nimekaa, mama yule amekaa, yeye amesimama katikati yetu anasema kwa Kichina halafu ananitafsiria mimi, hata yale anayosemwa yeye mwenyewe.

"Nimemwambia nimeiiba picha ya baba yake miaka mingi," akasema.

Mama yule akanena kwa ukali.

"Anasema mimi ni mwizi."

"Ametumia neno hilo hilo?"

"Hilo hilo. Anasema pia hajawahi kuona mwizi anayekuja kuomba ruhusa baada ya kula. Anauliza niliwasimulia nini watu wa kwetu."

Akamsimulia. Mchawi, mla watoto, mbwa wewe. Mama alitoa macho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani, na katikati ya kicheko nikaona kinabadilika kinakuwa kilio. Mtafsiri hakunitafsiria hapo. Hakukuwa na la kutafsiri.

Akakubali. Malipo yalikuwa madogo, sharti lilikuwa kubwa: kila neno lisemwe lilivyo, lisipungue, lisizidi. Muhuri mwekundu ukagongwa mbele ya macho yangu. Mtafsiri akaishika ile karatasi kwa mikono miwili kama wanavyofanya Wachina, na tulipofika barabarani akaanza kukimbia. Mzee mzima, anakimbia kwenye njia ya pikipiki za umeme!

Nilikuwa nasafiri kwenda Dar, ndipo nikawa mshenga, na ile karatasi mkobani. Nilimkuta binti Sinza, mrefu kama baba yake, naye amesimama mlangoni hakai. Aliamkia vizuri, "Shikamoo, mama," akanipa juisi, akaisoma karatasi upande wa Kiingereza, akaugeuza upande wa Kichina akautazama pia.

"Muhuri wa kweli huu?"

"Nilikuwepo ukigongwa, mwanangu."

Aliikunja karatasi taratibu. "Nitafanya. Mwambie ni kazi tu, mama. Nitarekodi studio, nitatuma. Asinipigie."

Nilimwambia ni baba yako huyo, dunia ina siku chache, akacheka kwa pua. "Mama, mimi sijamkataa. Nilimpa sharti. Anajua sharti lake."

Basi yakaja mafaili. Bila salamu, bila "baba vipi", faili tupu za sauti ya msichana muuza tambi. Mtafsiri alizipanga kwenye kompyuta ya kuazima hapa hapa ofisini kwangu, kati ya mapazia, kwa sababu yanazuia mwangwi. Siku ilipofika ile ya mwisho, "Baba, umekula?", alivua vipokea sauti, akavivaa tena.

"Ina kelele," akasema. "Mwambie arudie."

Nikasikiliza mimi. Hakukuwa na kelele, ilikuwa safi kama maji ya chupa. Lakini nikatuma ujumbe. Ikarudi nyingine. "Baba, umekula?" Akasikiliza. "Bado ina kelele." Ikaja ya tatu, na humo unamsikia kabisa binti amekasirika. Mtafsiri akaitumia ile ya kwanza, na zile mbili sikuziona zikifutwa. Wapita koridoni walikuwa wananiuliza ni nani anayeulizwa kila mara kama amekula. Nikawa nawaambia ni tangazo la tambi.

Ikatoka. Unalipia kidogo kwenye simu unaitazama, kihalali, jina la kampuni ya yule mama liko mwanzo, na lile onyo la "Mungu anakuona" hakuliweka. Nilimuuliza kwa nini. Alisema sasa hivi anaona haya kulisema.

Haikununuliwa. Nitasema nini? Waliolipia waliandika maneno ya kuudhi. Hii feki. Mbona adui ndiye baba? Mbona mbwa wewe haipo? Turudishieni orijino. Orijino! Ile ya uongo ndiyo iliyokuwa orijino kwao, na ya kweli ndiyo wanaiita ya wizi. Mtafsiri aliyasoma yote, yuko wima, na mara kadhaa akanisomea kwa sauti bila kupunguza. Nilimwambia aache. "Yamesemwa," akasema, lakini safari hii akaizima simu. Nilimwonea huruma mpaka nikawa mkali, ndivyo ninavyoona huruma.

Sasa nafika kwenye Ijumaa niliyokuwa nikiizunguka. Tumetoka msikitini, tumeingia mgahawa wa Waislamu wa Kichina pale chini, wanaovuta tambi kwa mikono. Mtafsiri alikuwa na njaa, akala bakuli lake, akanywa na mchuzi wote, goti linacheza. Meza ya jirani kulikuwa na wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, wageni, siwajui. Wameegemeza simu kwenye chupa ya siki, wanatazama kitu huku wanakula. Nikasikia sauti ya Mtafsiri, na Mtafsiri yuko mbele yangu amefunga mdomo.

Alisimama. Nikasema leo panga la Manzese limerudi.

"Vijana, hiyo mmelipia?"

"Kulipia nini tena, mzee? Nimerushiwa kwenye grupu."

"Nani kakurushia?"

"Kila mtu anayo, mbona." Kijana akamsogezea kiti kwa adabu. "Kaa utazame, mzee. Hii si kama ile ya zamani tuliyotazama watoto. Hii mwisho wake inaliza. Mwenzangu huyu jana kalia kabisa."

"Nani kalia? Mafua," mwenzake akasema.

Na hapo simu yao ikatoa sauti ya binti, juu ya kelele za masufuria: "Baba, umekula?" Wale wawili wakaacha kutafuna. Mtafsiri alikuwa ameshika mgongo wa kile kiti alichopewa. Nilingoja apasuke. Uso wake ulikuwa unatafuta pa kwenda, mara hasira, mara kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona kwake. Akakiacha kiti, akarudi mezani kwetu, akatoa simu yake mfukoni. Akabonyeza kalenda badala ya namba, nikamsaidia.

Simu yake huwa anaiweka sauti ya nje, kila mtu Xiaobei anajua mambo yake. Iliita sana. Dar ilikuwa asubuhi. Ikapokelewa, nikasikia bodaboda inapita huko.

"Mwanangu," Mtafsiri akasema. "Wameichukua. Ile yetu. Wametuibia."

Nikasema keshakata.

"Inauma, baba?"

"Inauma."

"Sana?"

"Sina maneno yake."

Alivuta pumzi yule mtoto, ndefu, tuliisikia hata sisi. "Pole," akasema. "Pole sana, baba." Kisha, kwa haraka, kama mtu anayeogopa atakatiwa njia: "Huko si mchana sasa? Umekula?"

Mtafsiri akalitazama bakuli lake. Lilikuwa mbele yake, tupu, amelikomba mpaka pilipili.

"Bado, mwanangu," akasema yule mtu asiyeongeza neno, akavuta kiti, akakaa.